Sekunde Sita za Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa na simu tatu mezani, zote zimekunywa maji. Moja ilianguka kwenye dimbwi. Moja ilifuliwa pamoja na shati. Ya tatu mwenyewe anaapa haikuguswa na tone, ila nilipoifungua yalitoka maji ya kutosha kunawa uso. Kila msimu ni hadithi ileile. Watu hawalilii simu, wanalilia picha: "Fundi, simu ikifa ife, niokolee picha za mama." Kwa hiyo simu ikikubali kuwaka hata dakika kumi, naichomeka kwenye kompyuta ya dukani na kila kilichomo kinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni kabla haijazima tena. Nimepanga kazi hiyo ianze yenyewe, sibonyezi chochote.

Daftari hili nililinunua niandike hitilafu za wateja. Nadhani nitaandika na mengine, maana mvua ikipiga bati hapa ndani hata redio haisikiki.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba aliniita nikamsafishie kompyuta vumbi. Mkewe, ambaye sote tunamwita Anti, alinifungulia mlango akasema, "Karibu, mke mwenzangu yuko chumbani, ameamka tangu asubuhi." Kompyuta ndiyo mke mwenza. Anaitania hivyo tangu siku ilipoingia nyumbani.

Niandike kuhusu mjomba, kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na duka. Ni kaka yake mama. Aliendesha kreni miaka thelathini na wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu alikuwa anatua mzigo chini bila kusikika. Alipostaafu tu, kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi, mkono ukarudi mwisho, tena kwa kubembelezwa. Ule mkono aliutafutia kazi mpya. Ananunua na kuuza mikataba ya ngano. Alinieleza mara tatu nikaelewa ya nne: watu wanakubaliana leo bei ya ngano itakayotolewa miezi ijayo, na mkataba wenyewe unauzwa na kununuliwa kila sekunde. Hakuna gunia litakalofika mlangoni kwetu. Yeye hukaa na mkataba dakika chache, bei ikigeuka anatakiwa awe ameshatoka.

"Ni kreni tu," aliniambia. "Mzigo unaning'inia, upepo unakuja, unashusha kabla haujakufikia."

Ndiyo maana analipia faiba, mtandao wa waya wenye kasi, wake peke yake, na mimi ndiye niliyemfungia kila kitu: kompyuta isiyo na programu za ovyo, waya badala ya wifi, betri ya kushika umeme ukikatika. Betri ya ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ndiyo iliyokufa mwezi uliopita. Nimekuwa nikisema nitaleta nyingine.

Kuna jambo moja silisemi popote, nitaliandika hapa. Duka langu ni chumba cha nje cha nyumba yake, amenipa bure. Siku ile nafunga faiba nilipitisha waya wa pili nyuma ya ukuta mpaka dukani kwangu. Sikumwomba. Nilijiambia ni wa mwezi mmoja tu, nijipange. Huu ni mwezi wa kumi na tisa. Ningemwomba angenipa hapohapo, na hilo ndilo linalonikera. Ili asidhurike niliandika sheria kwenye ruta: data za kompyuta yake zipite kwanza, zangu zisubiri. Basi roho ikatulia.

Ijumaa, 7 Machi

Radi. Umeme umekatika mara mbili ukarudi. Simu tano.

Jumatatu, 10 Machi

Saa kumi na moja mjomba alipiga simu.

"Fundi, hii kitu leo imenikalia."

"Imekukalia vipi, mjomba?"

"Nimebonyeza, ikakaa. Kama mtu anayeitwa anasema nakuja, na haji."

Nikazima swichi kubwa ya umeme dukani, kama nifanyavyo kila nikitoka msimu wa radi, nikafunga mlango nikaenda. Nikapima. Ujumbe ulikwenda mpaka seva, kompyuta kuu ya soko, na kurudi kwa milisekunde arobaini, haifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Nikarudia mara hamsini. Arobaini, arobaini na moja, arobaini.

"Hapa hakuna kitu, mjomba. Laini imenyooka."

Akautazama mkono wake, akaupiga kofi dogo kwa mkono wa pili. "Basi ni huyu mzee." Tukacheka wote.

Jumanne, 11 Machi

Simu sita. Mmoja kaniletea iliyokaa kwenye ndoo ya mchele siku mbili. Nimetoa punje kwenye tundu la chaji.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ilitoka ripoti ya mavuno, ile ya mara moja kwa mwezi, saa kumi kamili alasiri. Dakika ile soko zima huruka. Mjomba hujiandaa kuanzia asubuhi, hali chakula kizito, hataki kuzungumzishwa. Mimi nilikuwa dukani na simu mbili zinazokata roho. Moja ya mshonaji, ambaye vipimo vya wateja wake wote amevipiga picha badala ya kuviandika, na nyingine ya mwalimu. Nilizichomeka zote mbili saa kumi kasorobo.

Saa kumi na dakika chache nikasikia Anti anaita juu ya ukuta, "Fundi! Njoo! Njoo sasa hivi!" Sauti haikuwa ya utani. Nikazima swichi, nikakimbia bila mwavuli.

Mjomba alikuwa amekaa na mikono yote miwili juu ya magoti. Alinieleza polepole, kama mtu anayetoa maelezo kituoni. Alikuwa na mikataba aliyonunua. Ripoti ikatoka, bei ikapanda kidogo, ikasimama, ikageuka.

"Niliiona inageuka. Nakuapia niliiona. Nikabonyeza kuuza."

"Halafu?"

"Kimya. Bei inashuka mbele ya macho yangu, namba zinakimbia vizuri kabisa, mimi bado nimo. Nikabonyeza tena."

Amri zote mbili zikafika pamoja, bei ikiwa shimoni. Ya kwanza ilimtoa kwa hasara. Ya pili ikauza mikataba ambayo hakuwa nayo, ikambidi ainunue ili ailipe, na bei ikawa imeshapanda tena. Ndani ya dakika moja robo ya akiba yake ya kustaafu ilikuwa imekwenda.

Nikaanza kupima kabla hata sijakauka. Arobaini. Arobaini. Arobaini.

"Usihangaike," akasema. "Mtandao ukikwama namba zinasimama, si ndiyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Namba hazikusimama. Basi mara ya kwanza sikubonyeza. Nilidhani nimebonyeza." Akanyanyua mkono wa kulia, akaugeuza huku na huku kama anaununua. "Kichwa kilisema bonyeza, huyu akasikia baadaye."

Anti alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Hakutania. Alisema tu, "Usiseme hivyo, baba," akarudi jikoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimembadilishia kipanya. Nimebadilisha waya wa kutoka kwenye ruta. Nimepima nusu saa nzima. Yote safi. Mjomba akanishika bega akasema, "Asante mama," ndivyo anavyoniita mimi mpwa wake wa kike, "angalau najua ugonjwa hauko kwenye waya."

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Mjomba hajatoka nje tangu Alhamisi.

Jumanne, 18 Machi

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemrudishia zoezi la zamani. Maharage thelathini kwenye bakuli, ayahamishe moja moja kwenda bakuli la pili kwa mkono wa kulia, apimwe muda. Akataka mimi nishike saa.

"Anti yako ananionea huruma, anasimamisha saa nikiwa na maharage matatu mkononi."

"Sijawahi!" Anti akasema kutoka jikoni.

"Huyo umemsikia."

Sekunde hamsini na mbili. Mwaka jana mwishoni alifika arobaini. Akarudia akapata hamsini na tano, maana alikuwa anautazama mkono badala ya maharage. Nilimwambia amechoka. Alinijibu hajafanya kazi yoyote ya kumchosha.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mshonaji.

Alirudi leo na simu yake ileile. Imewaka tena yenyewe na anataka vipimo vilivyobaki. Nikaichomeka. Wakati huohuo mjomba akapiga simu: anataka kujaribu tena kidogo, mkataba mmoja tu, nimpimie mara ya mwisho. Nikataka kuzima swichi nitoke. Mshonaji akanishika mkono. "Dada, ukizima hapo na harusi ya watu imo humo ndani, mimi na wewe tutagawana jela." Akakaa kwenye kiti, akasema atalinda duka. Basi nikaondoka, simu inaendelea kupandisha.

Nikapima kwa mjomba. Milisekunde elfu tano na mia nane, karibu sekunde sita.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikapima tena, elfu sita na ushee. Mjomba alikuwa ameegemea dirisha anatazama mvua. Niligeuza skrini kidogo isimwelekee, nikaingia kwenye ruta. Ile sheria haipo. Ruta inasema iliwashwa upya tarehe saba, siku ya radi. Sheria niliiandika, ikafanya kazi miezi kumi na tisa, lakini sikubonyeza kuihifadhi. Ruta ilikuwa inaikumbuka tu kwa kuwa haijawahi kuzima. Umeme ulipokatika ikaisahau, na betri sikuleta.

Nikaelewa yote papo hapo. Njia ya kuingia na njia ya kutoka ni mbili. Simu zangu zilikuwa zinajaza njia ya kutoka, bei zikawa zinaingia bila shida. Ndiyo maana namba zilikimbia na amri yake ikakaa kwenye foleni nyuma ya picha za mshonaji. Na kila nilipokuja kupima nilikuwa nimezima duka. Laini ilikuwa safi kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama pale kwake.

Nikairudisha sheria. Nikaihifadhi. Nikaangalia mara tatu kama imehifadhiwa. Nikapima, arobaini na mbili.

"Vipi?" mjomba akauliza bila kugeuka.

"Safi, mjomba."

Akashusha pumzi. Akasema basi hatajaribu leo. Mimi nikarudi dukani, mshonaji akaniuliza nimeona nini huko mbona nimepauka. Nikamwambia baridi.

Ijumaa, 21 Machi

Nitamwambia kesho. Leo alikuwa amelala.

Jumamosi, 22 Machi

Sikumwambia. Afadhali ningekuwa nimenyamaza tu.

Binti yake alikuja na mtoto, wa miezi miwili, mara ya kwanza kumleta. Tukakaa sebuleni sote. Akasimama mbele ya baba yake na kile kifurushi, "Haya babu, mjukuu wako huyu." Mjomba akaficha mikono kwenye makwapa.

"Mlaze hapo kwenye kochi, nimtazame vizuri."

"Baba, mshike bwana, hakuumi."

"Nimesema mlaze."

Binti alimtazama mama yake. Mtoto akapiga chafya. Ndipo Anti aliponigeukia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Fundi, hebu mwambie mjomba wako. Siku ile kompyuta haikuwa na kosa? Hata dogo? Mitambo si inakosea? Sema, mwanangu."

Macho yake yalikuwa yananibembeleza nidanganye. Alitaka uongo wa kumfariji mumewe, na uongo aliokuwa anauomba ndio ulikuwa ukweli wenyewe. Nilifungua mdomo. Mjomba akanitangulia.

"Usimfundishe mtoto kusema uongo. Huyu kapima mbele yangu. Fundi, vipimo vilikuwaje?"

Wote walikuwa wananitazama, hata yule mtoto kama anaelewa.

"Vipimo vyote nilivyopima siku ile vilikuwa safi," nikasema.

Kila neno lilikuwa sahihi. Nimewahi kusema uongo maishani, lakini sijawahi kusema ukweli mchafu kama ule. Mjomba akatikisa kichwa kwa upole, akaniambia nile biskuti.

Jumanne, 25 Machi

Wamempeleka hospitali. Daktari anataka apigwe picha ya kichwa, huenda kiharusi kidogo kimepita bila kujulikana. Anti aliniuliza kama nafahamu dalili zake, maana mimi naona mambo mtandaoni. Nilimsomea. Kila dalili aliyosikia alisema, "Hiyo anayo." Mtu ukimtafutia ugonjwa hukosi.

Mjomba amekabidhi funguo za gari kwa binti yake. Hakuna aliyemwomba.

Alhamisi, 27 Machi

Maharage tena. Aliniita kwa simu, "Njoo na saa yako, wewe huna huruma." Nikaenda. Nikakaa mbele yake, kidole juu ya kitufe. Alikuwa anatoa jasho. La ishirini lilimponyoka likaviringika chini ya kabati, akainama kulitafuta, nami nikiiacha saa iendelee kuhesabu.

"Ngapi?"

"Hamsini na tisa."

Akafuta paji la uso. Halafu akaanza kuzungumza, kwa sauti ya chini ili Anti asisikie.

"Mkono mimi nimeuzoea. Mkono ni kiungo tu. Ninachoogopa ni hiki kichwa kunidanganya. Nilikuwa na hakika nimebonyeza, Fundi. Hakika. Sasa kama lile halikuwepo, lipi lingine halipo? Juzi nimemwambia Anti yako asiniache peke yangu na jiko."

Nilikuwa nimeshika ile saa na bado namba zinatembea, nilisahau kuisimamisha. Nikasema, "Mjomba." Akasubiri. Nikasema, "Utapona tu." Akasema inshallah, akaanza kuyarudisha maharage kwenye bakuli la kwanza.

Nimejaribu leo kujiuliza ninaogopa nini hasa. Hatanipiga. Duka anaweza kuninyang'anya, lakini hatanyang'anya. Naogopa uso wake tu, ule atakaonitazama nao dakika ya kwanza. Kwa ajili ya dakika moja nimemwacha aogope jiko lake mwenyewe.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kubwa. Simu moja. Sikuipandisha.

Jumatano, 2 Aprili

Asubuhi Anti na mjomba waliniletea kompyuta dukani, mjomba ameshika mwavuli na Anti amebeba kasha la kompyuta. Mjomba ameamua. Nifute kila kitu kilichomo, niipige brashi, nimtafutie mnunuzi.

"Futa kabisa," alisema. "Nisije nikaingiwa na tamaa."

"Mke mwenza ameachika," Anti akasema, akajaribu kucheka. Kasha aliliweka mezani taratibu sana.

Walipoondoka niliiwasha. Kufuta ni kazi ya dakika ishirini. Kabla sijaanza nikafungua ile programu ya soko, na ndani yake kuna faili ninalolijua lipo na ambalo siku zote hizi sikutaka kulifungua. Programu huandika kila tendo na muda wake: lini kidole kimebonyeza hapa, lini seva imepokea kule.

Tarehe 13. Bei iligeuka saa kumi na sekunde mbili nukta moja. Mjomba alibonyeza sekunde mbili nukta sita. Seva ikapokea sekunde nane nukta saba.

Nusu sekunde. Mzee wa kiharusi, mkono wa kulia, aliona bei inageuka na akabonyeza ndani ya nusu sekunde. Mimi nisingeweza. Sekunde sita zilizofuata zote zilikuwa zangu.

Kisha nikaona nilichokalia. Nje ya mashine hii sijui mahali pengine penye ushahidi huu, na mwenyewe ameniomba kwa mdomo wake niufute. Nikifuta, hakuna atakayejua milele. Sitakuwa nimeiba wala kuvunja, nitakuwa nimefanya kazi niliyopewa. Nilifika mpaka kwenye swali la mwisho la kompyuta, una hakika unataka kufuta kila kitu, nikakaa nalitazama. Mteja akaingia, nikamwambia nimefunga. Akasema mlango uko wazi. Nikamwambia nimefunga.

Sikufuta. Lakini sikwenda pia. Usiku huu nalala na kasha lile chumbani kwangu kana kwamba litatoroka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimelibeba kasha asubuhi, nimelifunga kwenye mfuko wa taka dhidi ya mvua. Mjomba alikuwa anakunywa chai. Nilisema nikiwa bado nimesimama, kwa sababu ningekaa ningeomba chai.

"Mjomba, siku ile ulibonyeza. Ulibonyeza vizuri kabisa. Ni mimi niliyeichelewesha."

Nikamweleza waya wa nyuma ya ukuta, simu, sheria ambayo sikuihifadhi, betri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Anti yako kakutuma."

"Hapana, mjomba."

"Mtoto mzuri wewe. Lakini msinifanye mjinga, wewe na yeye."

Nikaunganisha kompyuta palepale mezani, nikafungua lile faili, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Alivaa miwani. Alisoma kwa kunong'ona, kama anasoma hati ya mahakama. Akasoma tena. Akaniuliza namba hii nani kaiandika, nikamwambia mashine yenyewe, na hii ya pili seva ya soko, mimi siwezi kuigusa. Akaniuliza ni kweli siwezi. Nikamwambia ni kweli.

"Nusu sekunde," akasema.

"Nusu sekunde, mjomba."

Akasimama. Kikombe kikapinduka, hakukijali. "Mama! Mama, njoo! Njoo uone!" Anti akaja mbio na mkono umejaa povu la sabuni. "Nilibonyeza! Si nilikuambia nilibonyeza? Nusu sekunde! Mwite kijana wa miaka ishirini aje hapa tuone!" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto anautikisa. Akasema kreni wangemrudishia leo. Akasema ile picha ya kichwa wasipoteze muda wao. Nilitamani anitukane. Alikuwa ananishukuru, ananiita mama, ananishika kichwa, na mimi sikujua nitazame wapi.

Anti hakutazama skrini. Alifuta povu kwenye gauni, akanitazama mimi.

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Faili nimelifungua jana, ingekuwa sahihi, kila neno.

"Tarehe ishirini," nikasema.

"Ishirini ya mwezi uliokwisha?"

"Ndiyo, Anti."

Mjomba alikuwa bado anatabasamu. Nikaona tabasamu linabaki peke yake usoni, macho yameshaondoka. Akakaa. Alikuwa anahesabu siku, midomo inachezacheza.

"Mtoto alipoletwa, ulikuwa umeshajua."

"Ndiyo, mjomba."

"Na Alhamisi iliyopita. Uliponishikia saa."

"Ndiyo."

Hakupandisha sauti hata kidogo. "Waya ungeniomba ningekupa. Ile hasara, ni soko, limewatoa jasho wakubwa kuliko mimi. Hilo la ruta, nani asiyesahau. Hayo yote nimeshakusamehe hapa nilipokaa." Akavua miwani. "Lakini nilikuambia naogopa jiko, Fundi. Ulinisikia. Na ukaniambia hamsini na tisa."

Nilisema samahani, likasikika dogo mno mle chumbani. Anti alianza kufuta chai mezani.

"Nenda kafungue duka," mjomba akasema. "Watu wa simu watakuwa wanakusubiri."

Ijumaa, 4 Aprili

Nimeutoa waya. Mita kumi na nane, nimeuviringisha nikamrudishia Anti mlangoni. Akaupokea. Hakusema karibu.

Jumanne, 8 Aprili

Asubuhi nilimwona mjomba anatoka na gari, anaendesha mwenyewe. Alinipigia honi moja, ya heshima, ile anayompigia kila mtu. Jioni nilimsikia Anti akimwambia mtu kwenye simu kwamba mzee sasa hamweki mtoto chini, mpaka mama yake anaomba apewe amnyonyeshe.

Saa nane mchana alikuja fundi mwingine. Simfahamu. Alikuwa na begi zuri na ngazi ya kukunja. Walisimama upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa na dirisha langu, pale ambapo nilikuwa nimetoboa tundu la waya. Mvua ilikuwa imepumzika, kila kitu kilisikika. Mjomba alimwonyesha faiba inapoingilia, ruta ilipo, akamwambia anataka betri mpya na mtandao wake usigawanywe na mtu. Fundi akawa anasema sawa, sawa.

"Na jambo moja," mjomba akasema. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, ni kama anamwonyesha mgeni maliwato yalipo. "Hapa kwangu ukiharibu kitu, hakuna ugomvi. Ila uniambie siku ileile."

"Sawa, mzee," fundi akajibu harakaharaka, kama mimi nilivyokuwa nikimjibu, akafungua begi lake akaanza kazi.